Lori, basi au treni? Ulinganisho kwa anayetoka Dar na begi, na anayetoka Dar na mzigo

Tangu treni ya umeme ya reli mpya (SGR) ianze naulizwa hili swali kila siku: hivi nipande basi au treni, na mzigo je, nitafute semi, yaani lori la tela, au niende stesheni? Watu wanataka jibu la neno moja na halipo, inategemea unaenda wapi na umebeba nini. Ila kabla ya bei kuna kitu kimoja ukiweke kichwani. Ile bei ya lori unayotajiwa haina ndani yake gharama yote ya barabara, wakati bei ya treni kwa miaka mingi ilikuwa imebeba reli yenyewe, madaraja, stesheni, mpaka mshahara wa yule anayefyeka majani pembeni ya njia. Kwa hiyo lori likionekana nafuu, mara nyingine ni nafuu kweli na mara nyingine kuna mtu mwingine ameshalipa nusu yake bila kuambiwa, na mtu mwenyewe pengine ni wewe ukiwa unajaza mafuta kwenye bodaboda.

Tuanze na jepesi, abiria.

Dar kwenda Dodoma: SGR au basi

Hapa treni imeshinda, sina cha kuzunguka. SGR ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro tarehe 14 Juni 2024, Dodoma ikafuata 25 Julai mwaka huohuo. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 13,000 mpaka Moro na 31,000 mpaka Dodoma, na njiani unatumia kama saa tatu na nusu hadi nne hivi kutegemea umepanda ipi, ile ya mchongoko, yenye kichwa kilichochongoka, inakwenda haraka zaidi na nauli yake iko juu kidogo. Basi lina kilometa kama 450 za kukimbia, kisheria lisizidi 80, kwenye vijiji 50, afu weka foleni ya kutoka mjini, weka malori ya Chalinze, weka trafiki, weka kusimama kula, siku nzuri ni saa nane. Tena siku nzuri kweli.

Ila basi lina faida zake ambazo mashabiki wa treni hawazisemi. Reli imepita Kilosa na Gulwe, haina habari na Dumila, Gairo wala Kibaigwa, sasa kama nyumbani kwenu ni Gairo utashuka Moro na treni afu uanze kutafuta usafiri upya kutokea Kihonda, ambako ndo stesheni ilipo, si mjini. Hapo basi la moja kwa moja linakushushia mlangoni. Basi pia linakupakilia gunia la mchele na ndoo mbili za mafuta bila maswali mengi, ni kuelewana na konda tu, treni mzigo wa mkononi una mpaka wake na wakaguzi hawana undugu. Na tangu 2023 mabasi ya usiku yameruhusiwa tena, kwa hiyo mtu aliyefunga duka saa mbili usiku anaweza kulala njiani na kufika asubuhi. Na Desemba tiketi za treni zinapukutika mapema, usisubiri siku ya safari.

Kwa kifupi: unaenda Moro mjini, Kilosa au Dodoma na begi lako, panda treni. Unaenda vijiji vya barabarani, au una vifurushi, basi. Gari binafsi la peke yako mi sikushauri kabisa, mafuta ya kwenda na kurudi piga hesabu mwenyewe, labda muwe wanne na mna mizunguko ukifika.

Ndani ya Dar

Hapa nitapita haraka maana machaguo yenyewe machache. Kuna mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, ulioanza Mei 2016 njia ya Kimara–Kivukoni, kuna daladala, kuna ile treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012 ambayo mpaka leo watu wanaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati ule. Angalia jinsi hiyo treni ilivyoanzishwa: mabehewa ya zamani, njia ya zamani, asubuhi na jioni tu. Na bado ilikuwa inajaa mpaka mlangoni. Halafu angalia kilichofuata kwa upande wa magari, daraja la Mfugale pale Tazara 2018, madaraja ya Ubungo 2021, Kimara hadi Kibaha kilometa 19.2 njia nane. Sisemi madaraja mabaya, nayapita na nayashukuru, mwendokasi wenyewe unapita barabara. Ila ukiweka kilichotumika upande huu na kilichotumika upande ule, utaelewa kwa nini kijana akipata ajira kitu cha kwanza anaulizia gari dogo la Toyota IST na si nyumba karibu na stesheni.

Anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta, mwendokasi hata kwa kubanana unakushinda wewe na gari lako saa moja asubuhi, isipokuwa siku Jangwani pamejaa maji, hapo hamna mwenye ujanja.

Mzigo: hapa ndo penyewe

Chukua njia ya Dar–Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Naipenda kwa ulinganisho kwa sababu barabara na reli vilijengwa karibu kipindi kimoja, kutoka mji uleule kwenda mpaka uleule, kwa sababu ileile. Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ikabanwa shingo, shaba yake ikahitaji bahari nyingine. Mmarekani akasaidia kujenga barabara kuu ya Tanzam. Mchina akajenga TAZARA, ujenzi ukaanza 1970, reli ikakabidhiwa 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia, matundu 22 ya kupita chini ya milima, madaraja zaidi ya 300, kwa mkopo usio na riba. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ukikiona utavua kofia.

Reli ile ilipangwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya laki moja. Laki moja! Na wakati huohuo pale Tunduma foleni ya malori ilikuwa inapimwa kwa kilometa, madereva wanapika pembeni ya barabara, utingo wanalala chini ya tela, mpaka kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa 2019 ndo pakapata ahueni. Mzigo haukupungua, ulihama. Reli ya Kati, ile ya zamani ya Dar hadi Kigoma na Mwanza, nayo vilevile, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa inabeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, ndani ya miaka kumi ikaanguka chini ya robo ya hapo, na zaidi ya asilimia 90 ya mzigo wa bandari ya Dar ukawa unatoka kwa magurudumu ya mpira.

Kwa nini? Jibu la vijiweni ni mawili, kwamba wafanyakazi wa mashirika ya umma ni wavivu, na kwamba wakubwa wana malori. La pili silihitaji hata kidogo, hesabu inajieleza bila kumtaja mtu. La kwanza lina ukweli wake, vichwa vibovu vilikuwepo, mishahara ilichelewa, migomo ilikuwepo, mzigo ulikuwa unapotea kwenye ratiba wiki mpaka wiki. Lakini hebu angalia nani alikuwa anapewa nini.

Barabara ilipata Mfuko wa Barabara kwa sheria ya 1998, pesa inakatwa kwenye kila lita ya mafuta na inaenda kwenye matengenezo, afu 2000 ikapata TANROADS, wakala wake kamili wenye mameneja kila mkoa. Kabla ya hapo miaka ya tisini wafadhili walikuwa wameshamwaga pesa nyingi kwenye barabara kuu. Reli ilipata tozo yake, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, mwaka 2013. Miaka 15 baadaye. Katikati ya hapo reli ilipewa nini? Ilipewa mwekezaji. Kampuni ya RITES ya India ikachukua asilimia 51 ya kampuni ya kuendesha reli mwaka 2007, serikali ikabaki na 49, matumaini ni kwamba kampuni itapata faida na kufufua usafiri uliochoka, mpaka 2011 ndoa ishavunjika. Kenya na Uganda walifanya hivyohivyo na kampuni ya Rift Valley Railways tangu 2006, wao wakavumilia mpaka 2017. Sasa niambie, hivi kuna mtu aliwahi kumwambia mwenye malori anunue na barabara ya Mlima Kitonga kule Iringa aitunze kwa faida yake?

Kuna mfano mmoja naurudia kila nikibishana na mtu, maana yote mawili yametokea eneo moja, Kilosa na jirani yake. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikula reli kati ya Kilosa na Gulwe, tuta likaenda na maji, na Reli ya Kati ikakaa miezi imekatika, mabehewa yamesimama, mwenye mzigo wa Tabora na Kigoma akaelekezwa barabarani na wengi hawakurudi tena. Januari 2014 mafuriko yakakata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Dumila. Waziri wa Ujenzi, Magufuli, akaenda kukaa palepale, mitambo usiku na mchana, ndani ya siku chache magari yakapita. Mvua zilezile, eneo lilelile. Mwenye mzigo akiona hivyo anajifunza, na alichojifunza ni kwamba lori hata likikwama kuna mtu atakuja kulikwamua.

Halafu kuna uzito. Huyuhuyu Magufuli Oktoba 2013 alifuta ule msamaha wa kuzidisha uzito kwa asilimia 5 kwenye mizani, akasema sheria ifuatwe kama ilivyoandikwa. Wenye malori na mabasi wakagoma, nchi ikaanza kukwama, waziri mkuu Pinda akaisimamisha amri. Asilimia tano unaweza kusema ni kidogo, ila barabara haihesabu hivyo. Wamarekani walifanya jaribio Illinois mwaka 1958 hadi 1960, malori yakazunguka kwenye lami mchana kutwa kwa miaka miwili, wakakuta uharibifu unapanda kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani ekseli ikibeba mara mbili, inaharibu kama mara 16. Nenda Kitonga uone kwa macho: semi linapanda gia ya kwanza, mtu anatembea analipita, moshi mweusi, na lami chini yake imesukumwa pembeni kama ugali uliobanwa na mwiko, mifereji miwili mirefu ya matairi ambayo gari dogo likiingia linajiendesha lenyewe. Bodaboda haijawahi kuchimba mfereji ule hata siku moja, lakini kwenye lita ya mafuta inalipa tozo ileile kama semi la tani 56, ambao ndo mwisho wa uzito kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016. Semi linajaza lita nyingi, sawa, ila halijazi nyingi kiasi cha kulingana na linachovunja.

Haya, na kabla hujasema basi serikali iwalazimishe watu wapande reli, tuliyaona hayo pia. Miaka ya 1930 mkoloni aliwabana wenye malori ili reli yake isikose mzigo. Juzi tu Kenya, Agosti 2019, ikatoka amri kwamba konteina zinazoingia Mombasa ziende na SGR yao hadi Nairobi, Mombasa ikaingia barabarani kuandamana, wenye malori, mameneja wa bandari kavu, mama ntilie wa Mariakani, wote biashara imekata. Mahakama Kuu ikasema 2020 amri haikufuata sheria, na Rais Ruto alipoapishwa 2022 akarudisha kazi za kutoa mizigo Mombasa. Reli ikipewa mzigo kwa fimbo inakuwa na mzigo lakini haina wateja.

Sasa wewe mwenye mzigo, uchague nini

Shaba, mbolea, saruji, ngano, mafuta, chuma, kitu kizito ambacho hakiozi na kiko kingi: anza na treni, uliza kwanza huko. Behewa moja la konteina linachukua mzigo wa semi moja na zaidi, na treni ya mabehewa ishirini ni dereva mmoja na msaidizi wake badala ya madereva ishirini na utingo wao. Chuma juu ya chuma kinateleza, mafuta kwa tani moja ni machache sana ukilinganisha na tairi kwenye lami. Tatizo lako halitakuwa bei, litakuwa uhakika. Usiulize "mnaenda lini", kila mtu ana ratiba ukutani. Uliza treni ya mwisho ya mizigo iliondoka lini na ilifika lini. Wakianza kutazamana, chukua lori.

Nyanya, samaki, maparachichi: lori, na ndo kitu kinaniuma, maana maparachichi yanatoka Njombe na Makambako pana stesheni ya TAZARA palepale, ila bila mabehewa ya baridi na ratiba ya kuaminika hamna mkulima atakayeweka tunda la kwenda Ulaya kwenye treni. Anapakia lori la friji, analipa ghali, analala usingizi.

Konteina moja ya vitu vya dukani kwenda Lubumbashi: lori, sioni sababu ya kubishana. TAZARA itakufikisha Kapiri Mposhi, hapo mara nyingi utashusha, utapakia tena kwenye lori, kila kushusha na kupakia ni pesa, ni wizi mdogomdogo na ni siku. Hapa lori linashinda kihalali kabisa, sio kwa kupendelewa. Watu wanaotetea reli kama mimi tukubali hilo, lori limeumbwa kwa mlango kwa mlango.

Mzigo wa Isaka, Mwanza, Kigoma, au wa Burundi kupitia ziwa: reli ya zamani yenye upana wa mita moja bado inafanya kazi, na baada ya ukarabati wa Dar–Isaka kwa mkopo wa Benki ya Dunia imerudi kuwa kitu cha kuulizia. Kama ratiba yako inaruhusu kusubiri kidogo na una konteina kadhaa, piga bei zote mbili. Kama ni moja na mteja anapiga simu kila asubuhi, lori. SGR nayo imeanza kupitisha mizigo Dar–Dodoma mwaka 2025, ila Dodoma kama mwisho wa safari ya mzigo ni fupi mno, faida ya reli inaanza kuonekana mzigo ukienda mbali bila kushushwa, kwa hiyo mi nasubiri kipande cha Makutupora–Tabora–Isaka kifunguke ndo nianze kuisifia.

Ukilinganisha bei, usilinganishe nauli na nauli. Upande wa treni ongeza lori la kutoa mzigo bandarini au ghalani hadi stesheni, ongeza lori la kupeleka mwisho, kupakia na kushusha mara mbili, na siku za konteina ya watu kukaa nje maana mwenye meli anahesabu. Upande wa lori ongeza siku za mpakani, faini ya mzani kama aliyepakia kakudanganya uzito, na bima yenye maana, ile barabara ya Mikumi hadi Kitonga si ya mchezo usiku.

Na jambo la mwisho ni kwa wenye viwanda na migodi wanaosaini mikataba mirefu. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zimesaini na kampuni ya ujenzi ya CCECC ya China mkataba wa miaka 30 wa kufufua TAZARA, dola bilioni 1.4 zinatajwa, kuanzia njia mpaka vichwa na mabehewa. Mi sipigi vigelegele, tumeshaona wawekezaji wa reli wakija na kuondoka, na safari hii kilichobadilika ni kwamba pesa ya njia imewekwa mezani mwanzoni badala ya kusubiriwa kutoka kwenye faida. Kwa hiyo ukiwa na tani elfu kadhaa kwa mwezi kwenda au kutoka Zambia, endelea na malori yako, ila mkataba usizidi mwaka mmoja mmoja, na weka kipengele cha kupunguza idadi ya malori bila faini. Mwenye malori atanuna. Mwambie ni ya kibiashara tu, yeye mwenyewe anajua reli ikiamka bei yake haitabaki hapo ilipo.